Wodi ya Vyuma na Togwa ya Mama Neema

"Chuma kikiliwa na tindikali, kinakwenda wapi?"

Swali hilo niliulizwa asubuhi yangu ya kwanza kazini, kabla hata sijaonyeshwa pa kuweka mkoba. Aliyeuliza alikuwa Mzee Rashidi, fundi mkuu wa maabara yetu ndogo ya maji hapa Songea, mtu wa Namasakata kule Tunduru, mwenye kofia ya kufuma na koti jeupe lililotobolewa na asidi kifuani kama chujio la chai. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya kemia, na nilikuwa na tabia ya kubishana hata na saa ya ukutani. Nikachukua chaki, nikaandika ubaoni: chuma na tindikali, mshale, chumvi na haidrojeni. Nikageuka nikisubiri sifa zangu.

Alisoma polepole, midomo ikicheza. "Mashallah, mwandiko mzuri. Lakini hapa umeniambia kinaitwa nani baada ya kuondoka. Mimi nimeuliza kinakwenda wapi."

Nilikasirika mpaka saa ya chakula.

Nimestaafu majuzi, na ninyi mliobaki pale mmeniomba niandike niliyoyaona. Nani alipandishwa cheo lini mtasoma kwenye mafaili, kama panya wamewabakishia. Mimi nitaandika habari za vyuma, kwa sababu nikikaa barazani asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya milima ya Matogoro, nikifumba macho sioni watu wala majengo. Naona mapovu. Madogo, yanapanda moja moja kutoka kwenye kipande cha bati, kana kwamba kuna mtu chini ya maji anapumua bila haraka.

Mapovu hayo yalikuwa ya wodini. Kwenye dirisha la maabara, upande wa jua la asubuhi, Mzee Rashidi alikuwa amepanga chupa za jamu, kila moja ikiwa na kipande cha chuma cha namna yake ndani ya maji ya betri yaliyozimuliwa sana. Aliviita wagonjwa. Kila asubuhi aliwasalimu, "Mmeamkaje?", kisha tunawatoa mmoja mmoja, tunawaosha, tunawakausha na kuwapima uzito kama watoto kliniki. Nilidhani ni utani wa mtu aliyekaa peke yake muda mrefu. Baadaye nikaelewa kuwa hilo ndilo lililokuwa darasa langu halisi, na kwamba kule chuoni nilikuwa nimesoma majina tu.

Bati, yaani chuma kilichopakwa zinki, lilichemka bila moto. Zinki ilitoka kwa fujo, halafu chini yake kikatokea chuma cheusi, nacho kikaanza kuondoka taratibu, maji yakichukua rangi ya kijani hafifu kama chai ya mchaichai. Risasi ilijifunika shuka jeupe na kutulia chini yake. Shaba ilikaa kimya, ila pale maji yalipokutana na hewa palizuka mstari wa buluu, mwembamba, mzuri kiasi kwamba nilikuwa naacha kazi kuutazama. Shaba ya njano, ile ya makoki ya bomba, ilifanya jambo lililonitisha: haikupungua umbo, haikutoboka, bali iligeuka kuwa ya waridi. Tindikali ilikuwa inaichambua, inachukua zinki na kuacha shaba, mpaka siku moja nilipoishika ikavunjika vidoleni kama biskuti. Tangu hapo sijawahi kuamini koki kwa sababu tu bado inaonekana kama koki. Nanyi msiamini. Ikwangueni kidogo kwa kisu muone rangi ya ndani.

Stenlesi haikufanya lolote. Alumini nayo haikufanya lolote, na hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia.

"Mzee, vitabu vinasema alumini ni mwepesi kuliwa kuliko chuma. Kwa nini amekaa tu?"

"Amevaa," akasema. "Ana kanzu nyembamba ya kutu yake mwenyewe. Hata jicho haliioni."

"Nani kaiona, sasa?"

"Bi Kwa Nini," akaguna, na jina hilo likaniganda mpaka siku ya kustaafu. "Kaa naye. Atakuonyesha mwenyewe akipenda."

Sikukaa. Alipokwenda kuswali adhuhuri nikatia chumvi ya mezani kidogo kwenye chupa ya alumini, na nyingine kwenye ya stenlesi. Kanzu ya alumini ilichanika: mapovu yalianza sehemu moja, halafu nyingine. Stenlesi ilichukua muda mrefu zaidi, lakini ikaishia kuwa na vitundu kama vya sindano. Aliporudi akasimama mbele ya dirisha.

"Umewapa nini wagonjwa wangu?"

"Chumvi."

"Astaghfirullah." Kisha akavuta kiti, akakaa, na tukatazama pamoja mpaka kivuli kikatoka dirishani. Kabla ya kufunga akaniambia, kwa sauti ya mtu anayezungumza na chupa, kuwa kwa miaka yote aliyowalea hakuwahi kufikiria kuwapa chumvi.

Kazi ya nje ilikuwa hiyo hiyo, ila kwa ukubwa mwingine. Maji yetu ya milimani ni laini. Hayana chokaa ya kupaka bomba kwa ndani, na mengi yana tindikali kidogo, ile ya hewa na majani yaliyooza. Ni maji matamu kunywa na mabaya kwa bati. Kijiji kimoja walikuja kulalamika kuwa bomba lao la mkono ni gonjwa asubuhi tu. Alfajiri hutoa maji mekundu, chai inageuka nyeusi kama wino, shuka za kanisani zinaingia madoa, na ikifika saa sita maji ni safi kama machozi. Watu wakaanza kulizunguka na maneno mengi. Lakini maji yaliyolala usiku kucha ndani ya bomba la bati yalikuwa yanalila, ndiyo maana ya asubuhi yalikuwa mekundu. Tukatoa mabomba, mengine yakakatikia mikononi, tukaweka ya plastiki. Sampuli mkiichukua, andikeni saa. Na andikeni maji yalikuwa yamelala ndani ya nini. Nusu ya mafumbo niliyoletewa maishani yalikuwa kwenye chombo.

Hilo la chombo nililijua kwa hakika siku alipokuja mtendaji wa kijiji kimoja cha barabara ya Namtumbo, na pikipiki, kidumu kimefungwa nyuma kwa mpira.

"Shikamoo mzee. Nimeleta togwa."

"Marahaba. Sisi tumeshakunywa chai," akasema Mzee Rashidi.

"Si ya kunywa, mzee. Hii imelaza kijiji."

Alieleza akiwa amesimama. Jumapili kulikuwa na sherehe ya komunyo ya kwanza nyumbani kwa mtu aitwaye Vitus. Wageni walikunywa togwa, na hata nyama haijaiva wakaanza kutapika, wakubwa kwa wadogo, matumbo yakiwakata. Kesho yake wote walikuwa wazima, nashukuru kusema. Ila togwa ilipikwa na Mama Neema, mjane wa marehemu mdogo wake Vitus, na kila mtu alijua kuwa Vitus na huyo shemeji yake walikuwa wanagombea mpaka wa shamba. Mke wa Vitus, Yustina, alikuwa wa kwanza kutamka neno sumu. Sasa kijiji kilitaka Mama Neema aondoke, arudi kwao, na akiondoka shamba la marehemu linabaki kwa nani?

"Sisi ni watu wa maji, bwana," akasema Mzee Rashidi. "Mambo ya sumu yana wenyewe."

"Wenyewe wameniambia nisubiri wiki kadhaa. Huyu mama hana wiki kadhaa, mzee. Na ushahidi upo. Kwetu mpika togwa habebi yote. Anabakiza chungu kimoja kwake, cha wale waliomsaidia kusaga kimea. Basi waliokunywa cha kwake hakuna aliyeugua hata mmoja. Alijua! Hapo ndipo watu walipokata shauri."

Nilikuwa naosha neli kwenye karo. Niliacha maji yakiendelea kutiririka. Chuoni tungehangaika muhula mzima kupata kitu kama hicho: mpishi yule yule, kimea kile kile, siku ile ile, vyombo viwili. Kwao ilikuwa hukumu. Kwangu ilikuwa nusu ya jibu, na mtu alikuwa ameileta kwa pikipiki bila kujua.

"Waliokunywa walisema ina ladha gani?" nikauliza.

"Walisema kama unalamba funguo."

Mzee Rashidi akanitazama. Nikamtazama. Wote wawili tukageukia dirishani, kwenye chupa ya bati.

"Togwa nayo ni maji, mzee," nikasema. "Ila yamevaa."

"Haya, Bi Kwa Nini. Mvue nguo."

Nilianza kwa karatasi ya kupimia. Ilisema uchachu mkali, jambo ambalo ulimi wowote ungesema bila mshahara. Nikakausha togwa kwenye kibakuli cha kauri, nikaichoma mpaka ikawa majivu, nikayayeyusha majivu, nikachuja, nikadondoshea maji ya magadi makali tone kwa tone. Likatokea wingu jeupe. Nikaongeza matone, wingu likapotea. Alumini nayo hufanya hivyo, kwa hiyo nikarudia kwa amonia, ambayo zinki huikubali na alumini huikataa. Wingu likaja, likaondoka tena. Mwisho nikakusanya unga mweupe, nikauchoma juu ya moto wa gesi. Unga wa zinki una tabia ambayo sijachoka nayo hadi leo: ukiwa wa moto ni wa manjano, ukipoa unarudi mweupe. Nikauchoma, ukawa manjano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Nikautoa. Tukasubiri. Rangi ikafifia kutoka pembeni kuelekea katikati, kama ndoto unayojaribu kuishika baada ya kuamka, mpaka ukabaki mweupe kabisa.

"Subhanallah," akasema Mzee Rashidi. Akauchoma tena yeye mwenyewe, nadhani kwa raha tu.

Kesho yake tulikwenda kijijini. Mzee Vitus alitupokea vizuri, mtu mrefu mwenye suti ya kaki, akatuonyesha tangi kwa fahari licha ya yote. Lilikuwa jipya, la bati, alilofuliwa na fundi wa mjini kwa ajili ya kuvunia maji ya mvua. Kwa kuwa ni sherehe ya mjukuu wake wa kwanza kupokea komunyo, hakutaka wageni wanyweshwe kwenye vyungu vya masizi. Alhamisi Mama Neema alileta togwa ikiwa bado tamu. Vitus akaamuru imiminwe tangini, ikachachukie humo, ili Jumapili watu waifungulie koki mbele ya kila mtu.

"Na tulilisugua kwa majivu na mchanga kabla," Yustina akasema, mikono kiunoni. "Likang'aa mpaka unajiona uso. Usafi wetu usiguswe, mwanangu."

"Siugusi, mama," nikajibu. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kuwa hata kile kitambaa chembamba bati lilichokuwa limeanza kujifuma, walikuwa wamelivua.

Niliingiza kichwa ndani na tochi. Mnajua maua ya bati jipya, yale mapambo kama barafu iliyopasuka? Juu yalikuwepo, yanameta. Kisha palikuwa na mstari, umenyooka kuzunguka tangi lote, na chini ya mstari hapakuwa na ua hata moja. Kijivu tu, kimya, kama shamba baada ya moto. Nilikaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Swali la asubuhi yangu ya kwanza lilikuwa limejibiwa ukutani: kilikwenda kwenye vikombe. Kilikwenda matumboni mwa wageni.

Mkutano ulifanyika uwanjani kwa Vitus. Mama Neema aliketi kwenye mkeka peke yake, mwanamke mdogo kuliko nilivyomfikiria, khanga imefungwa hadi kidevuni. Pembeni yake kulikuwa na nafasi ambayo watu wawili wangekaa, na hakuna aliyekaa. Nilikuwa nimeandaa chupa mbili za mchujo: moja ya togwa ya tangini, moja ya masalia ya chungu cha Mama Neema, ambayo mtendaji aliyachukua siku ya sherehe na kutuletea pamoja na kidumu. Nikadondoshea dawa kwenye zote. Moja ikapata wingu. Nyingine ikabaki safi. Nikaeleza uchachu, nikaeleza zinki, nikapitisha kipande cha bati kilichokatwa pale penye mstari ili kila mtu akipapase. Nilizungumza sana. Ukimpa mtu wa umri ule hadhira, hawezi kunyamaza.

Vitus akasimama. "Kwa hiyo, binti, unasema mimi ndiye niliyewapa wageni wangu sumu."

Nilifungua mdomo, na naamini ningesema ndiyo, kwa sababu ilikuwa kweli na sikuwa najua kitu kingine cha kufanya na ukweli. Mzee Rashidi akaniwahi.

"Hapana, bwana Vitus. Tangi lako ni zuri, ni la maji. Ukilitia kitu kichachu linajitoa lenyewe, kidogo kidogo, bila kukuambia. Hakuna aliyejua. Hata sisi tumejua jana."

"Maana yake tumekunywa tangi la Vitus!" sauti ikapigwa kutoka nyuma.

"Na hatukushiba!" mwingine akadakia, na kicheko kikapita uwanjani kama upepo kwenye mahindi. Hata Vitus mdomo ulimcheza. Mimi nikaanza kubishana naye juu ya koki, kwamba nayo asiiamini, na sikumbuki tulimalizaje. Nakumbuka tukiwa njiani kurudi, Mzee Rashidi amesinzia kwenye gari, nilikuwa na furaha ya ajabu. Mama Neema alibaki kwake. Mpaka wa shamba ulipimwa na baraza, akapewa haki yake. Wingu moja jeupe ndani ya chupa lilikuwa limefanya kazi ambayo maneno ya kijiji kizima hayakuweza.

Kisa hicho nimekisimulia kwenye kila mafunzo niliyoendesha. Wengi wenu mmekisikia mpaka mmekichoka. Siku zote nilikimaliza kwa chupa mbili na kusema: onyesheni, watu wataona.

Mzee Rashidi alistaafu akarudi Namasakata kwenye mikorosho yake, akaniachia wodi. Mwenyezi Mungu amrehemu. Niliwalea wagonjwa wake, nikaongeza wa kwangu: ndimu, siki, maji ya mabibo, ambayo ni makali kwa chuma kuliko yanavyonukia. Jioni nyingine nilikaa pale kwa saa nzima bila kuandika kitu, nikitazama shaba na mstari wake wa buluu, na sijutii hata jioni moja.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilikwenda Namtumbo kukagua visima. Mchana nikakaa kwenye benchi nje ya duka nikinywa soda, bibi mmoja mwenye fimbo akasimama mbele yangu, akaniangalia kwa muda mrefu.

"Wewe si yule binti wa chupa?"

Nikainuka kumpa mahali. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi Yustina, wa Vitus. Umezeeka, mwanangu."

"Nimezeeka, mama. Mama Neema hajambo?"

"Yupo, anatushinda wote kwa miguu. Wifi yangu huyo ndiye anayepikia togwa harusi zote za kwetu mpaka leo."

Nikasema nafurahi kwamba zile chupa zilisaidia. Akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili.

"Zile chupa? Mwanangu, sikuelewa hata moja. Na marehemu Vitus hakuelewa, alitikisa kichwa tu asionekane mjinga. Nani angejua umetia nini humo? Wachawi nao wana chupa." Akaketi. "Wifi alikuwa amepika togwa mpya kwa ajili yenu wageni, akaiweka pale karibu na mkeka. Nani angeigusa? Hata mtendaji alidai amefunga. Wewe ulipomaliza kusema, koo limekukauka, ukachukua kata ukachota. Ukanywa yote umesimama. Ukafuta mdomo kwa mkono wa lile koti jeupe, ukachota tena, ukaendelea kubishana na mume wangu habari za koki. Uwanja mzima tulikuwa tunakutazama tumbo. Tukangoja. Ulipokuwa bado unabishana tu, mimi nikainuka nikaenda nikachota yangu, nikakaa mkekani pembeni yake. Ndipo na wengine wakaja."

Nimejaribu sana kulikumbuka hilo. Nalikumbuka lile bati likipita mkono kwa mkono, naikumbuka khanga ya Mama Neema na kicheko cha watu. Togwa siikumbuki kabisa, wala kata, wala utamu wake. Lakini Yustina hakuwa na sababu ya kunidanganya, na yule mtendaji wa siku zile, nilipompigia simu jioni ile, alisema hivyo hivyo bila kuulizwa mara mbili: Mama Neema alibaki kwenye shamba lake kwa sababu nilikuwa na kiu.